Kudefragi diski ya kompyuta Tanga: uiachie Windows, ubonyeze mwenyewe, au ununue SSD?

Kompyuta nyingi zinazofanya kazi Tanga mjini, kuanzia steshenari za Ngamiani hadi studio za video za harusi Chumbageni, zilishatumika kwingine kabla ya kufika hapa, na ndani yake bado mna diski ya kuzunguka. Mwenye mashine ya namna hiyo akiona Windows inachelewa kuwaka na Word inafunguka kwa kusuasua, ushauri wa kwanza anaopewa ni mmoja: "Idefragi," yaani uyaunganishe mafaili yaliyokatika vipande vipande ndani ya diski. Ushauri huo unaweza kumfaa, unaweza kumpotezea mchana mzima bila faida, na unaweza kuimaliza kabisa diski iliyokuwa imeanza kuugua. Inategemea diski ni ya aina gani, ina afya kiasi gani, imebakiwa na nafasi kiasi gani, na mafaili yaliyomo ni ya namna gani. Nalinganisha hapa njia zinazotumika, kwa ajili ya mtu anayetaka kuchagua kabla hajabonyeza kitu.

Hasara ya vipande ni kiasi gani hasa?

Nianze na hesabu, maana wengi huamua kwa mazoea. Ndani ya diski ya kuzunguka mna sahani zenye tabaka la sumaku, na kichwa cha kusomea kinachokwenda na kurudi juu yake. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5400 kwa dakika, za kompyuta za mezani mara 7200. Faili likikaa pamoja, kichwa hufika mahali pamoja kikasoma moja kwa moja mpaka mwisho. Likikaa vipande vipande, kila kipande kinadai safari yake: kichwa kihame, kisha kisubiri sahani ilete kipande chini yake. Kwenye diski ya 7200, mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3, kwa hiyo wastani wa kusubiri ni kama 4. Ongeza kama 9 za kichwa kuhama. Kila mruko unakula milisekunde 13 hivi.

Sasa chukua faili la MB 100 kwenye diski inayosoma MB 100 kwa sekunde. Likiwa kipande kimoja linasomwa kwa sekunde moja. Likiwa vipande 1,000, miruko peke yake inaongeza sekunde 13. Hapo kudefragi kuna maana, tena kubwa. Lakini chukua video ya harusi ya GB 20 iliyokatika vipande 300. Kuisoma yote ni sekunde 200, na miruko inaongeza kama 4 tu. Hutazihisi. Ndiyo sababu programu ya Windows ya siku hizi haijisumbui kuunganisha vipande vilivyozidi MB 64: kazi ya kuvihamisha ni kubwa kuliko faida yake.

Upande wa pili kuna barua za Word za steshenari. NTFS, mfumo ambao Windows huutumia kupangia mafaili, hugawa diski kwa vyumba vya KB 4, kwa hiyo barua ya KB 40, hata ivunjike vibaya namna gani, haiwezi kuzidi vipande 10. Hiyo ni kama sehemu ya nane ya sekunde.

Kwa hiyo anayeumia si yule mwenye mafaili makubwa sana wala mwenye madogo sana. Anayeumia ni mwenye mafaili ya kati yanayokua kidogo kidogo kila siku: faili la hesabu za duka, kikasha cha barua pepe kilichohifadhiwa ndani ya kompyuta, kache ya kivinjari, na mafaili ya Windows yenyewe baada ya apdeti nyingi kwenye diski iliyokaribia kujaa. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mara nyingi anayekazana kudefragi ni mpiga video, wakati mwenye kuhitaji zaidi ni dada wa duka la vifaa anayefungua programu ile ile ya hesabu tangu asubuhi.

Kabla ya kulinganisha, mambo mawili

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dfrgui, kisha Enter. Linafunguka dirisha lenye orodha ya diski zako, na safu moja, Media type, inakuambia kama ni diski ya kuzunguka (Hard disk drive) au ni SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka (Solid state drive). Fundi wako anaweza kuwa alishabadilisha bila wewe kukumbuka, kwa hiyo angalia tu.

Ikiwa ni SSD, habari ya kudefragi imekwisha. SSD haina sahani wala kichwa. Kufikia kipande chochote ni kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde, kiwe karibu au mbali. Isitoshe, chembe zake za kuhifadhia zina idadi ya kuandikwa, na kuhamisha mafaili huku na huku ni kuzichosha bure. Hata hivyo usiizime ratiba ya Windows kwa hofu. Windows ikiiona SSD hufanya kazi nyingine: huiarifu ni sehemu zipi zimefutwa, amri iitwayo TRIM, na hiyo inaisaidia diski ibaki na kasi. Cha kukwepa ni programu za nje za kudefragi ambazo hazitofautishi diski na diski.

Jambo la pili ni afya, na hapa naomba usikilizwe moyo wa anayeandika. Kudefragi ni kuisomesha na kuiandikisha diski kwa saa kadhaa bila kupumzika. Diski yenye afya inastahimili. Diski inayogonga kwa sauti ya tiki-tiki, inayoganda dakika nzima ukifungua folda ya picha, au inayotoa ujumbe wa kosa ukinakili faili, hiyo haitaki kupangwa, inataka kuokolewa. Weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo na uangalie mistari miwili: ya sekta, yaani vijisehemu vya diski, zilizohamishwa, namba 05, na ya sekta zinazosubiri, namba C5. Zikiwa na hesabu isiyo sifuri kwenye safu ya Raw Values, hasa inayoongezeka kila wiki, toa vitu vyako leo kwenye diski nyingine. Watu wamepoteza picha pekee za wazazi waliotangulia mbele ya haki kwa sababu mtu aliona mashine nzito akaamua "kuisafisha" kwanza, bakapu baadaye.

Kuiachia Windows, au kubonyeza mwenyewe

Windows 7 ilipangiwa kufanya kazi hii yenyewe saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano. Kuanzia Windows 8 imeingizwa kwenye matengenezo ya jumla ya mfumo, ambayo saa yake ya kawaida ni saa 8 usiku, na diski huangaliwa mara moja kwa wiki. Kwa mtu wa nyumbani anayeacha laptopu imelala huku imechomekwa, hii ndiyo njia bora kuliko zote, na hana haja ya kusoma zaidi. Haina gharama, inafanya kidogo kidogo kwa hiyo kila mara kazi ni ndogo, na ukianza kutumia mashine inakupisha.

Shida ni kwamba saa 8 usiku, katika barabara zote 21 za Ngamiani, duka limefungwa na swichi kubwa ya ukutani imezimwa. Windows ikikosa saa yake husubiri mashine itulie bila kazi, na laptopu iwe kwenye umeme. Steshenari yenye wanafunzi wanaoleta kazi za kuchapa tangu asubuhi haitulii. Ikitulia ni robo saa, kisha mteja anaingia. Ratiba ipo kwenye maandishi tu.

Jinsi ya kujua kama ratiba inakufanyia kazi: kwenye dirisha lile lile tazama safu ya Last run (Windows za karibuni huiita Last analyzed or optimized). Ikionyesha wiki hii au iliyopita, iache. Ikionyesha miezi, au kwamba haijawahi kufanyika kabisa, ratiba hiyo si yako na inabidi ubonyeze mwenyewe. Unaweza pia kuweka alama kwenye chaguo la kuipa kazi hiyo kipaumbele ikikoswa mara tatu mfululizo, lakini kwa duka lenye shughuli sioni kama linatosha.

Kubonyeza mwenyewe kuna ubora mmoja mkubwa: unachagua saa, na unaona kinachoendelea. Bonyeza Analyze kwanza. Ikirudi na asilimia ya vipande chini ya 10, acha. Microsoft yenyewe imetumia 10 kama mpaka wa kuamua, na sijaona sababu ya kuubishia. Ikizidi, fanya kwa mpangilio huu: futa kwanza, panga baadaye. Ondoa programu usizotumia, mwaga pipa la taka, futa video za WhatsApp zilizojazana, ndipo ubonyeze Optimize. Ukifuta baada ya kupanga umeacha mashimo mapya, na mafaili ya kesho yatavunjika humo humo. Jitahidi kubaki na nafasi tupu ya asilimia 15 hivi. Kwenye diski ya GB 500 hiyo ni kama GB 70. Diski iliyobakiwa na GB 5 haina pa kuweka kipande wakati kingine kinahamishwa, na itahangaika usiku kucha ikuletee matokeo ya aibu.

Hasara ya njia hii ni kwamba inategemea kumbukumbu yako, na kwamba mara ya kwanza, kwenye diski iliyoachwa miaka, ni kazi ya saa nyingi. Kuna na kitu kidogo ambacho hakisemwi: kuhamisha mafaili kunaweza kufuta sehemu za zamani za kurejeshea mfumo (restore points). Ikiwa unaitegemea sehemu moja maalumu, usidefragi mpaka umalizane nayo.

Kwa asiyeogopa kuandika amri, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi. Amri defrag D: /A inachunguza tu (badala ya D weka herufi ya diski yako). Amri defrag D: /U /V inapanga na kukuonyesha maendeleo. Na defrag D: /X /U inakusanya nafasi tupu pamoja. Hii ya mwisho ndiyo inayomfaa mpiga video, kuliko kuunganisha mafaili ya zamani: harusi ijayo atakapomwaga kadi za kamera, mafaili mapya yatapata uwanja mmoja mrefu badala ya kujazwa kwenye mianya.

Programu za nje

Zilikuwa na maana enzi za Windows XP, ambapo hakukuwa na ratiba yoyote ya kuanza nayo. Leo nyingi zinaahidi kasi, na zinaposhuka zinakuja na programu nyingine tatu usizoomba, ambazo zote zinawaka pamoja na mashine. Unaongeza uzito ukitafuta wepesi. Siishauri hata moja kwa diski nzima.

Ila moja naitenga: Contig, kutoka mkusanyiko wa Sysinternals alioanzisha Mark Russinovich na ambao sasa uko chini ya Microsoft. Yenyewe inashughulikia faili moja unalolitaja. Ukiandika contig -a na jina la faili, inakuambia limekatika vipande vingapi. Ukiondoa -a, inaliunganisha. Mwenye faili la hesabu lenye vipande mia kadhaa anamaliza tatizo lake kwa muda mfupi, bila kuigusa diski yote, bila kungoja usiku. Funga programu ya hesabu kwanza, na uwe na nakala ya faili.

Kutoa vyote, kufomati, kurudisha

Hii ndiyo njia ya mafundi wengi wa zamani, na naiheshimu. Unanakili kila kitu kwenye diski ya nje, unaifomati ile ya ndani, unarudisha. Mafaili yanarudi yameandikwa mfululizo, safi kuliko programu yoyote itakavyoyapanga, na njiani umepata bakapu. Inafaa diski ya data iliyojaa kiasi kwamba Windows haina nafasi ya kuzungushia mafaili.

Muda wake unahesabika. GB 500 kwa MB 100 kwa sekunde ni dakika 83 kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Kupitia tundu la zamani la USB 2, linalotoa kama MB 35, ni karibu saa 4 kila upande. Kwa hiyo angalia tundu kwanza. Na usifomati mpaka umefungua mafaili kadhaa kutoka kwenye nakala, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, ukaona yanafunguka kweli.

Njia hii siishauri kwa diski yenye Windows, labda kama ulishapanga kuweka Windows upya.

Kuna diski moja ambayo kwayo naipendelea hii kuliko kubonyeza Optimize: zile nyembamba za laptopu, TB 1 na zaidi, ambazo nyingi zimetengenezwa kwa njia ya SMR. Humo mistari ya data imepandiana kama makuti ya paa. Ukitaka kubadilisha kuti moja la chini unalazimika kuyagusa na ya juu yake. Kuandika mfululizo diski hizi zinaweza vizuri, lakini kuhamisha vipande vidogo vidogo, ambako ndiko kudefragi, kunazichosha mno na kasi inaporomoka. Diski ya namna hiyo ikikaa siku nzima kwenye asilimia chache, isimamishe. Haikuharibika, imepewa kazi isiyoiweza.

Au ununue SSD

Nitasema wazi ninachoamini: kwa diski yenye Windows, fedha ya SSD ndogo ya GB 240 inafanya zaidi ya kudefragi kwa miaka. Kudefragi kunapunguza miruko ya milisekunde 13. SSD inaufanya kila mruko kuwa kama haupo. Windows ikiwaka inasoma maelfu ya mafaili madogo yaliyoko sehemu tofauti, na hata ukipanga diski ya kuzunguka ikapangika, kichwa bado kitaruka kutoka faili hadi faili. Kudefragi hakuwezi kuondoa hilo.

Lakini kabla ya kununua, hakikisha ugonjwa ni diski. Fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc wakati mashine imekuwa nzito. Kumbukumbu ikiwa imejaa juu ya asilimia 90 na una RAM ya GB 4, Windows inatumia diski kama RAM ya akiba, na hapo kudefragi hakutakusaidia kitu. Ongeza RAM au punguza programu zinazowaka zenyewe. Diski ikiwa asilimia 100 huku RAM ina nafasi, hapo ndipo mazungumzo haya yana maana.

Saa gani, mwezi gani

Ukichagua kubonyeza mwenyewe, swali linalobaki ni la wakati, na hapa mazingira yetu yana neno. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kwenye NTFS hatari si kubwa: kipande hunakiliwa mahali papya kwanza ndipo kumbukumbu ya mahali hubadilishwa, na mfumo una jarida lake la kujirekebisha. Kwenye diski ya nje yenye mfumo wa zamani wa FAT32 jarida hilo halipo, na kukatika ghafla kunaweza kuvuruga orodha nzima ya mafaili. Kompyuta ya mezani bila UPS, yaani betri ya akiba, nisingeiacha usiku kucha peke yake. Laptopu yenye betri inayoshika vizuri haina neno.

Ijumaa mchana, duka linapofungwa kwa ajili ya sala, ni nafasi nzuri ya kuchunguza, au kupanga diski ndogo ambayo hupangwa mara kwa mara. Kazi ndefu ya mara ya kwanza ifanye Jumapili ukiwepo, asubuhi kabla joto halijapanda. Miezi ya kaskazi, Januari na Februari, chumba kisicho na hewa kinaipandisha diski kwenye nyuzi 50 kabla hata haijaanza kazi nzito, na kikomo kinachoandikwa na watengenezaji wengi ni 60. Toa vumbi kwenye feni kwanza. Wapiga video wafanye kabla ya Shaabani na kabla ya mfunguo mosi, harusi zinapofuatana; ukiwa katikati ya msimu na kazi ya watu iko ndani ya diski, usiihamishe hamishe.

Ningechagua nini

Nyumbani, laptopu moja, diski ya kuzunguka nzima: ratiba ya Windows, basi. Steshenari ya diski moja isiyo na fedha ya SSD mwezi huu: chunguza mara moja kwa mwezi, ubonyeze ikizidi 10, na faili la hesabu ulishughulikie kwa Contig. Studio ya video: Windows na programu ya kuhariri kwenye SSD, harusi kwenye diski kubwa ya kuzunguka, na defrag /X kila unapofuta kazi zilizokwisha kukabidhiwa. Kinasa cha kamera za ulinzi kiache kabisa. Chenyewe kinaandika mfululizo na kufuta cha zamani kwa zamu. Anayetumia Linux yenye ext4 aandike e4defrag -c na folda yake: alama ikiwa kati ya 0 na 30, hakuna la kufanya, na kwa kawaida ndivyo itakavyokuwa.

Ukibadilisha na kuweka SSD, ile diski ya zamani ikiwa nzima mwambie fundi aitie kwenye kasha la USB, uifomati kwa NTFS, iwe ya bakapu. Mafaili ya bakapu huandikwa mara moja na kukaa, kwa hiyo hata hiyo hutahitaji kuidefragi. Ichomeke kila mwisho wa wiki, nakili, ichomoe kwa utaratibu, na uiweke mbali na dirisha linaloingiza upepo wa chumvi.